SAMAKI ANA MABWANA WENGI, BAHARIA HANA HATA MMOJA

(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa pwani za ziwa na wa viwanda vya samaki. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja, baharia wa mtumbwi wa omena, alisimama pale nyuma akauliza: “Mwezi wa nne omena hufungwa. Ni nani aifungaye? Na mimi nikiwa na neno, nimwendee nani?” Baadhi yetu walicheka, kwa kuwa swali lilionekana jepesi. Kisha tukatazamana pale mezani, na hapana hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu. Mmoja alisema ni serikali ya Nairobi, mwingine akasema ni Kaunti, wa tatu akasema ni BMU, na wa nne akasema ni watu wa Jinja. Basi tawi likatuagiza tukatafute jibu tuje tulisome hapa. Tumekaa juma tatu tukisoma sheria na kuwauliza watu wa ofisi na watu wa pwani. Tumeona ya kwamba wale wanne wote walisema kweli, na hapo ndipo taabu yenyewe inapoanzia.

Tuanze na ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Katika hizo Tanzania ina kadiri ya nusu, Uganda asilimia 43 hivi, na sisi wa Kenya tuna asilimia 6 tu. Kipande chetu ni kidogo, lakini kina watu. Kaunti tano zinalishika, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, na pwani za kutua samaki zimepita 300. Katika hesabu za miaka ya 2010 wavuvi wa upande wa Kenya walipita 40,000, na wa ziwa zima walipita 200,000. Hapo hawakuhesabiwa mama wanaoanika omena, wala wachukuzi, wala mafundi wa mitumbwi, wala sisi wa viwandani wenye visu.

Samaki hana kitambulisho. Leo yuko Kenya, kesho yuko Uganda, na hapana afisa wa mpaka awezaye kumwuliza. Kwa hiyo tangu zamani wakubwa walijua ya kuwa serikali moja haiwezi kuangalia ziwa peke yake. Yafaa tuyaseme mambo ya zamani kidogo, kwa sababu wengine hudhani amri za nyavu zimeletwa juzi.

Nyavu za kutega zililetwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905. Kabla ya hapo wazee wetu walivua kwa mitego ya matete, kwa ndoana na kwa nyua za mitoni. Nyavu zile zilimvua ngege kwa wingi mno, hata haikupita miaka mingi ngege akaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 serikali ya Kiingereza ilimtuma mtaalamu aitwaye Michael Graham alipime ziwa, na taarifa yake ikatoka mwaka 1929. Alisema mambo mawili makubwa. La kwanza, nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zikatazwe. La pili, ziwa lote liwe na mamlaka moja ya kulisimamia. Neno la kwanza lilifuatwa mara, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 amri ya inchi 5 ilikuwa imetolewa. Neno la pili lilingoja mpaka baada ya vita. Mwaka 1947 ikaundwa idara ya kusimamia uvuvi wa Ziwa Victoria kwa nchi zote tatu, na mwaka huo huo kikaanzishwa Jinja kituo cha uchunguzi wa samaki cha Afrika Mashariki.

Idara ile ya pamoja haikuona miaka mingi. Ilivunjwa mwaka 1960, na kila nchi ikachukua maji yake. Hata amri ya inchi 5 ilikuwa imeondolewa pande zote tatu kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, kwa kuwa wavuvi walikuwa wakiivunja na hapana aliyeweza kuwazuia. Na katika miaka hiyo hiyo sangara, ambaye sisi twamwita mbuta, alitiwa ziwani. Wachunguzi wa Jinja walikuwapo waliopinga wakisema samaki huyo atakula wenzake, lakini alitiwa. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa, na fulu wa aina nyingi sana walikuwa wamekwisha. Viwanda vya minofu vikajengwa, nasi tukapata kazi. Kwa hiyo mbele ya mbuta hatujui tumshukuru au tumlaumu, na pengine si kazi ya mkutano huu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na wachunguzi wake. Kenya ikaunda mwaka 1979 taasisi ya uchunguzi wa bahari na samaki, ile iitwayo KMFRI. Kazi yake ni kupima, kuhesabu na kushauri. Haitoi leseni wala haikamati mtu. Tunasema hivi kwa sababu pwani nyingine wanachama wetu wameficha nyavu zao walipoona mashua ya wachunguzi, na wachunguzi wale walikuwa wamekuja kupima joto la maji tu.

Tarehe 30 Juni 1994 nchi tatu zilitia sahihi mapatano ya kuunda Shirika la Uvuvi wa Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Kwa ufupi, lile neno la pili la Bwana Graham lilirudi baada ya miaka 65. Shirika hili linakutanisha serikali, linapatanisha sheria za nyavu na linasimamia hesabu ya mitumbwi na wavuvi. Lakini halina askari. Likisha kukubaliana jambo, kila nchi huenda nyumbani ikalitimiza kwa sheria zake, kwa kasi yake, na kwa fedha zake kama zipo. Uganda ilianza mwaka 2017 kutumia jeshi ziwani. Kenya ilitunga mwaka 2018 sheria ya kikosi cha walinzi wa pwani, nacho hufanya kazi baharini na ziwani pia. Mvuvi wetu wa Migingo hukutana na hao wote wawili kwa siku moja.

Sasa turudi kwetu. Hapa ndipo twaomba mtusikilize kwa makini.

Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi kati ya serikali ya taifa na Kaunti, na mgawanyo huo umeandikwa katika Jedwali la Nne. Tulilisoma mara tatu. Katika orodha ya serikali ya taifa, chini ya ulinzi wa mali ya asili, imeandikwa uvuvi. Katika orodha ya Kaunti, chini ya kilimo, imeandikwa uvuvi vile vile. Samaki ni yule yule, na ameandikwa kwa mabwana wawili. Ndiyo sababu ukienda ofisi moja kulalamika waambiwa nenda ile, na ukienda ile waambiwa rudi hii. Hatusemi maofisa ni waongo. Wengi wao wanafanya kazi kwa pikipiki moja isiyo na petroli. Karatasi yenyewe ndiyo inayowaruhusu kusukumana.

Kisha mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria mpya ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi, iliyoondoa ile ya zamani. Sheria hiyo iliunda Huduma ya Uvuvi ya Kenya, na kando yake ikaweka baraza la kushauri na mamlaka ya soko la samaki. Kwa maneno mepesi, serikali ya taifa hutunga kanuni za ziwa zima, hukagua samaki wanaokwenda ng'ambo, na hutangaza miezi ya kufunga. Kaunti huangalia pwani, mabanda, mizani, ushuru wa soko na mabwawa ya wakulima. Idara yenyewe ya samaki imehamishwa kama mpangaji asiyelipa kodi. Ilikuwa na wizara yake peke yake kutoka 2008 mpaka 2013, ikatiwa katika kilimo na mifugo, kisha ikaunganishwa na mambo ya bahari. Kila inapohama, mafaili huhama nayo.

Chini kabisa, pale mchangani, iko BMU. Kanuni za BMU zilitolewa Kenya mwaka 2007. Kabla ya hapo Bwana Samaki ndiye aliyekuwa serikali ya pwani. Alikuwa akija, akitoza, akikamata, na kuondoka. Wakubwa waliona haiwezekani mtu mmoja kulinda pwani kumi, tena watu wa pwani hawawezi kuilinda amri wasiyoitunga. Kwa hiyo wakasema kila pwani iwe na umoja wake. Kila mtu afanyaye kazi ya samaki katika pwani hiyo ajiandikishe, na wote walioandikwa ndio baraza. Baraza ndilo linalochagua halmashauri. Halmashauri huweka hesabu ya samaki waliotua, huangalia mitumbwi ina leseni, hutoza kitu kidogo kwa kazi za pwani, na huwasaidia wakubwa kuzuia nyavu haramu.

Ndugu, tumekuja na maagizo yaliyokubaliwa na nchi tatu juu ya halmashauri hizo. Yanasema halmashauri iwe na watu 9 hadi 15. Asilimia 30 ya viti ni ya wenye mitumbwi. Asilimia 30 ni ya mabaharia. Asilimia 30 nyingine ni ya watu wa kazi zilizobaki, kama wanaoanika samaki, mafundi wa mitumbwi na washona nyavu. Asilimia 10 ni ya wachuuzi. Tena wanawake wasipungue watatu.

Tuyarudie ya mabaharia: asilimia 30. Ni sawa sawa na wenye mitumbwi.

Tulipoyasoma haya tulikwenda kutazama. Tulitembelea pwani tatu, ambazo hatutazitaja kwa kuwa watu walitupokea vizuri na kutupa chai. Katika pwani ya kwanza viti vya mabaharia vilikuwa vimekaliwa na watoto wawili wa wenye mitumbwi na shemeji wa mwenyekiti. Wale vijana wawili hawajalala ziwani hata usiku mmoja, mmoja ana duka la simu. Katika pwani ya pili viti vilikuwa wazi, na katibu akatuambia mabaharia hawapendi mikutano. Tulimwuliza mikutano hufanywa saa ngapi. Akasema saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi baharia wa omena ametoka majini, amepakua, ameosha wavu, na amelala kama gogo. Katika pwani ya tatu tulimkuta baharia wa kweli, mtu mzima mwenye mikono iliyokatwa na kamba, aliyekaa katika halmashauri mwaka wa pili. Tulimwuliza amepata nini. Akasema, “Nimepata mizani ikaguliwe, na mkutano uhamishwe saa kumi jioni.” Kwa watu wa ofisini hayo ni mambo madogo. Lakini yeyote aliyewahi kupimiwa samaki kwa mizani iliyofungwa waya anajua uzito wake.

Sasa tuje kwa swali la ndugu yetu. Omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka 31 Julai. Anayefunga ni serikali ya taifa kwa kanuni zake, kwa ushauri wa wachunguzi. Kaunti husaidia kutangaza, na BMU ndiyo inayotazamiwa kuona mitumbwi imelala. Sababu wanayoitoa ni kwamba omena azae na akue. Hatubishani nao, maana sisi si wachunguzi, na wazee wetu wenyewe walikuwa na miezi ya kuacha maji yapumzike. Nyavu za omena zisiwe na matundu ya chini ya milimita 10, hilo nalo twalikubali. Na nyavu za kutega zisiwe chini ya inchi 5. Mwaona, ni inchi zile zile za mwaka 1929, zimeondoka zikarudi.

Ila tunalo neno juu ya miezi minne hiyo. Upande wetu unafunga, na maji ni asilimia 6 tu ya ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, jambo hilo lilitokana na mapatano ya nchi zote nne za ziwa lile. Kwetu baharia wa Usenge analala njaa huku akiziona taa za omena zikiwaka upande wa pili usiku. Anaona hivyo kwa macho yake, kisha aja Bwana Samaki kumwambia habari za mazalio. Jambo hili lapaswa kupelekwa Jinja, na haliwezi kupelekwa na mtu mmoja mmoja.

Tena, nani anayelipa gharama ya kufunga? Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mtumbwi umeuza omena ya shilingi 12,000 usiku mmoja. Kwanza hutolewa petroli, moto wa taa na chakula, tuseme 4,000. Zilizobaki ni 8,000. Pwani nyingi mwenye mtumbwi huchukua nusu, na pengine zaidi kwa ajili ya wavu na injini. Tuseme nusu, yaani 4,000. Mabaharia wanne wanagawana 4,000, kila mtu 1,000. Hiyo ni siku njema. Usiku mwingine mtumbwi huuza 5,000. Gharama ni zile zile 4,000, inabaki 1,000, na baharia anakwenda nyumbani na shilingi 125 baada ya kukesha katika upepo. Kwa hiyo hasara ya petroli inamwangukia naye, kana kwamba ni mwenye biashara. Lakini akiuliza injini itengenezwe, au makoti ya kuelea yanunuliwe, anaambiwa yeye ni kibarua, akitaka ashuke. Wakati wa hasara huitwa mshirika, na wakati wa kuamua huitwa mtu wa mkono.

Miezi minne ya kufunga, mwenye mtumbwi ana mtumbwi. Wengine wana nyumba za kupangisha, wengine hugeuza nyavu wakamvua mbuta. Baharia hana chochote ila deni dukani. Wengine huchukua pesa mapema kwa mwenye mtumbwi, na Agosti ikifika wameshajifunga kuvua kwa fungu dogo mpaka Krismasi. Na mama wa omena naye, mtaji wake huliwa na watoto katika miezi hiyo, na Agosti anarudi pwani bila pesa, akitafuta wa kumpa samaki kwa mkopo. Jaboya yaanzia hapo. Twalitaja neno hili mbele ya watu wazima bila kulizunguka, kwa kuwa limeua watu wengi katika kaunti hizi, na kuwahubiria kina mama peke yao hakujaliondoa.

Liko na jambo la kukamatwa. Kokoro ni haramu, nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni haramu, na sheria ina adhabu kali. Sisi chama hatutamtetea mtu anayevua vifaranga, maana anakula kazi ya mwanawe. Lakini tazameni ni nani anayekamatwa. Doria inapokuja usiku, inawakuta mabaharia wanne na wavu. Mwenye wavu amelala mjini. Nyavu huchomwa moto, picha hupigwa, mabaharia hupelekwa kortini. Mwanachama mmoja wa tawi letu, hatutamtaja jina, alikaa rumande juma mbili kwa wavu ambao hakuununua, hakuuchagua, na ambao alionywa kwamba akiukataa, mahali pake kuna vijana kumi wanaongoja. Mwenye wavu hakuja hata kumwona. Alipotoka alikuta mtumbwi una baharia mwingine, na wavu mpya wa aina ile ile.

Ndugu wa viwandani wasidhani haya si yao. Wazee wenu hapa wanakumbuka miaka ya 1997 mpaka 2000, nchi za Ulaya zilipokataa samaki wetu mara kwa mara, kwanza kwa ajili ya vijidudu, kisha kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa habari za sumu iliyotumiwa kuvulia. Viwanda vilifunga milango, na vibarua wakaambiwa wasije kesho. Mlango ulifunguliwa tena pale idara ya samaki ilipopewa mamlaka kamili ya ukaguzi, pwani zikajengewa mabanda yenye sakafu na maji safi, na kila sanduku likaandikwa lilikotoka. Ndipo tulipojifunza ya kwamba mkaguzi wa serikali akilala, mwenye kisu ndiye anayekosa unga. Mbuta naye sasa amepungua, na viwanda vilivyobaki vinafanya kazi siku chache kwa juma. Kibarua analipwa kwa kilo ya minofu. Yule anayenunua mgongo wazi mlangoni analalamika kwamba hata mifupa imepanda bei.

Twawakumbusha hapa kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana zisizopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo jumla yake itapita miezi mitatu, sheria yamhesabu kuwa na mkataba wa mwezi, wala si kibarua wa siku. Wekeni daftari zenu wenyewe. Andikeni tarehe. Mkubwa wa kazi akipoteza karatasi zake, zenu ziwepo.

Juu ya samaki wa kufugwa tutasema kwa haraka zaidi, ingawa wengi wanasema huko ndiko kazi inakokwenda. Kituo cha Sagana kimekuwapo tangu mwaka 1948, na kwa miaka mingi ufugaji ulikuwa mambo ya shule na misheni. Mwaka 2009 serikali ilitoa fedha za kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililoteuliwa, na majimbo hayo yalikuwa 140, basi jumla 28,000, kila bwawa mita za mraba 300. Watu walipata kazi ya jembe, na mkulima akapewa vifaranga na chakula cha kuanzia. Mazao ya nchi yalitoka tani zaidi kidogo ya 4,000 mwaka 2008 yakafika kama 24,000 mwaka 2014. Kisha msaada ulipokwisha, chakula cha samaki kikawa ghali, vifaranga vikawa hafifu, na mabwawa mengi yakaota majani, au yakawa ya bata. Mazao yakashuka sana. Serikali ilikuwa imehesabu mabwawa, haikuhesabu gunia la chakula.

Wakati huo huo vizimba vikaingia ziwani. Kufikia mwaka 2017 vilikuwa vimepita 3,000 upande wa Kenya, vingi katika Siaya. Huko kazi ni ya mshahara: kulisha, kupanga samaki kwa ukubwa, kulinda usiku, kuzamia kushona wavu. Ni kazi mpya na chama chetu bado hakijaifikia ipasavyo. Mzamiaji mmoja alituambia hupewa kinyago cha kupigia mbizi kimoja kwa watu watano. Novemba 2022 samaki walikufa kwa wingi mno katika vizimba vya Ghuba ya Winam, maji yalipokosa hewa. Wenye vizimba walipiga kelele magazetini, na haki yao, maana wengi walikuwa na deni la benki. Lakini hatukusoma mahali popote kuhusu walinzi na walishaji walioachishwa siku ile ile. Na chakula cha vizimba, na cha kuku, hutiwa omena, yule yule anayefungwa Aprili, na ambaye ndiye nyama ya mtu maskini. Kila gunia linalokwenda kiwandani limepita mbele ya sufuria ya mtu. Tungependa wachunguzi waliseme hilo kwa sauti, maana wanalijua.

Basi ombi letu. Uchaguzi wa halmashauri za BMU unakaribia katika pwani nyingi tulizo nazo. Asiyeandikwa katika daftari la pwani hapigi kura, wala hachaguliwi. Tulipolinganisha daftari la tawi na madaftari ya pwani zile tatu, mabaharia wanachama wetu waliokuwa wameandikwa hawakufika nusu. Wengine walisema waliogopa watatozwa, wengine walisema mwenye mtumbwi aliwaambia yeye amewaandikisha. Nenda uangalie jina lako kwa macho yako.

Tunataka kila pwani iwe na mabaharia wa kweli katika zile asilimia 30, waliokubaliwa na mabaharia wenzao kabla ya siku ya kura, na kina mama wafanye vivyo hivyo kwa viti vyao. Tunataka watakaochaguliwa wadai mambo matatu tu mwaka wa kwanza: hesabu ya fungu iandikwe na isomwe kila mwezi, mwenye wavu haramu aitwe kortini pamoja na waliokutwa nao, na sehemu ya ushuru wa pwani iwekwe kando kwa kazi za mikono katika miezi ya kufunga, kama kutengeneza mabanda na kuondoa magugu maji, wakiajiriwa kwanza mabaharia na mama wa omena waliosimama kazi. Habari ya kufunga ziwa kwa pamoja na wenzetu wa Uganda na Tanzania, halmashauri ya tawi itaiandika na kuipeleka kwa serikali ya taifa, maana ndiyo inayokaa Jinja kwa niaba yetu. Barua hiyo itakuwa na nguvu zaidi ikiwa na mihuri ya pwani nyuma yake.

Wajumbe wetu watakuwa katika ofisi ya tawi Jumamosi na Jumapili, saa kumi mpaka saa moja jioni, ili mtu wa usiku apate kulala kwanza. Njoo na kitambulisho na jina la pwani yako. Wasiojua kusoma wasione haya, tutasoma daftari pamoja. Na yule ndugu aliyeuliza swali, kama yupo, twaomba asimame tena, tuone kama tumemjibu.